Tumbaku Iliyolala Mchana

Kengele ya saa sita ilipolia, wanafunzi wa shule ya Hongpo walitoka mbio, kila mmoja akikimbilia chungu cha kwao. Lifen hakukimbia. Aliteremka ngazi za mawe hadi nyumbani, akapasha moto wali wa asubuhi, akaweka juu yake viazi na mboga za kuchachusha zenye pilipili, akafunga bakuli kwa kitambaa na kuanza kupanda kilima kumpelekea baba yake chakula shambani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kazi hiyo aliifanya kila siku tangu mama yake alipofariki wakati wa baridi, na hakuwahi kuchelewa.

Kijijini watu walimsifu. "Mtoto wa Changshun ana moyo wa mtu mzima," walisema. "Hata siku ya maziko hakutoa chozi!" Walimsifu hivyo akiwa amesimama palepale, maana sisi wa Hongpo hatujui kusema jambo kwa sauti ndogo.

Lakini Lifen hakuwa na moyo wa mtu mzima. Alikuwa na ganzi. Unaujua ule mkono ulioulalia: ni wako, unauona, lakini ukiufinya husikii kitu. Yeye alikuwa hivyo mwili mzima. Alikula bila kuonja. Alisoma, alifua, alijibu alipoulizwa, kisha alilala, na asubuhi alianza tena. Siku ya maziko shangazi zake walimwambia, "Usilie, mwanetu, mama amelala tu." Naye alitii, hakulia. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwambia neno jingine, na baba yake hakusema lolote.

Sasa, kulala ni neno kubwa kwetu. Baada ya chakula cha mchana kijiji kizima hulala, hata mbwa hujinyoosha katikati ya njia na ukimpigia kelele anakutazama kwa jicho moja tu. Tumbaku nayo hulala. Jua la mchana likiwaka, majani yake mapana huinama na kulegea. Jioni upepo ukija, huinuka tena. Kwa hiyo ukimuuliza mkulima wa Hongpo saa saba mchana, "Shamba lako likoje?" atakujibu, "Limelala," na wote wawili mtaendelea na safari zenu bila wasiwasi.

Njia ya Lifen ilipita kwenye kona ya juu ya shamba lao, karibu na mfereji. Udongo wa kona ile ni mweusi na laini, tofauti na udongo mwekundu wa kilima, na mvua ikinyesha maji hutuama hapo. Baba yake alikuwa akifanya kazi upande wa chini, na kila siku, alipopokea bakuli, alimuuliza swali lilelile.

"Huko juu kukoje?"

"Kumelala."

"Vizuri," baba yake alisema, kisha akala bila kuinua kichwa.

Jioni moja Lifen alikuwa akirudi kutoka shule pamoja na Dehui, mwanafunzi mwenzake. Shamba la kina Dehui lilikuwa chini ya shamba la kina Lifen, na mfereji mmoja uliyapitia yote mawili. Dehui alikuwa mtoto wa maneno mengi. Hata mwalimu alipomwamuru anyamaze, aliendelea kuzungumza kwa mikono.

"Hebu tazama tumbaku yenu!" Dehui alisema akionyesha kona ya juu. "Jua limeshashuka, wenzao wote wameamka, hiyo miche ya pale bado inakoroma. Imerithi kwa nani? Kwa baba yako?"

"Imelala," Lifen alisema.

"Basi iamshe, la sivyo itachelewa chakula cha jioni."

Lifen aliitazama. Majani ya chini yalikuwa yameanza kuwa ya manjano, na yale ya juu yalining'inia kama nguo mbichi kwenye kamba. Alijua kuwa si kawaida. Alilijua hilo waziwazi, kama mtu anavyojua jibu la hesabu, ila halikumgusa popote. Akaendelea kutembea.

Nyumbani kulikuwa na makopo ya mayungiyungi kando ya mlango. Yalikuwa ya mama yake. Mama alikuwa akiyapenda mno, akiyageuza juani na kuyasemesha, hata majirani wakamtania kwamba anazungumza na maua kuliko na mumewe. Baada ya siku ya kufagia makaburi, ambayo kwetu huja kila mwaka baridi ikiisha, Changshun, ambaye hakujua chochote kuhusu maua, aliona ayatendee wema. Alimwaga udongo wa zamani, akaenda kuchota udongo mweusi wa kona ya juu, udongo bora kuliko wote aliokuwa nao, akayapanda upya.

Kwa muda yalistawi. Kisha moja likaanza kuinama. Lifen alilipa maji. Likainama zaidi, naye akaongeza maji. Kuinama ni kiu, aliwaza, na kiu dawa yake ni maji. Asubuhi moja aliligusa tu, nalo likaanguka mkononi mwake.

Shina lilikuwa limekatika pale linapoingia udongoni. Sehemu ile ilikuwa ya kahawia, laini, na yenye unyevu. Lifen alifukua kidogo kwa kidole. Mizizi ilikuwa myeusi, na alipouvuta mmoja, ngozi yake ilichomoka kama soksi, ukabaki uzi mwembamba. Alilishika ua lile kwa muda akisubiri kusikia uchungu. Hakusikia kitu. Alinawa mikono akaenda shule.

Mchana wa siku hiyo, akiwa na bakuli la chakula, alisimama kwenye kona ya juu kwa mara ya kwanza. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Ile miche iliyokoroma ilikuwa imekauka, na mingine mingi kuizunguka ilikuwa imeinama. Alivuta mche mmoja. Ulitoka kwa urahisi mno. Shina lake, kuanzia udongoni hadi kufikia goti lake, lilikuwa jeusi kama lililochomwa moto, na mizizi ilikuwa imeoza. Ulikuwa umeoza mguuni, vilevile kama lile yungiyungi. Lifen aliubeba mche ule hadi kwa baba yake.

"Baba, huko juu hakujalala," alisema. "Tazama."

Changshun aliutazama mche. Hakushtuka, na hapo Lifen akaelewa kwamba alikuwa anajua.

"Umemwonyesha mtu?"

"Hapana."

"Basi usimwonyeshe."

"Ni ugonjwa?"

Baba yake alikuwa ameushika mche ule mkononi, na weusi wake umempaka vidole. "Umelala tu," alisema. "Lifen, sina nguvu za kusikiliza maneno ya watu mwaka huu. Niache."

Msomaji asimhukumu Changshun haraka. Kwetu majani ya tumbaku yakiiva hayasubiri, na hakuna nyumba inayoweza kuyachuma, kuyafunga kwenye vijiti na kuyapeleka tanuruni yakaushwe peke yake. Kwa hiyo tunafanya zamu ya mikono: leo wote kwangu, kesho wote kwako. Lakini nyumba ikijulikana kuwa ina mguu mweusi, hurukwa. Hakuna anayetaka kuingia kwenye matope yake kisha ayapeleke kwake. Ndiyo sababu ugonjwa huu, hapa Hongpo, umekuwa na majina mengi na yote mazuri: usingizi, uchovu, jua kali. Jina lake halisi hatulitamki ila linapokuwa shambani kwa mtu mwingine.

Changshun akaurusha mche ule kwenye mfereji. Maji yakauchukua, yakaupitisha chini ya tuta, ukaenda zake shambani kwa kina Dehui. Lifen aliufuata kwa macho mpaka ulipopotea.

Mvua ziliendelea. Dehui aliendelea kuzungumza. Aliongea juu ya shule ya mjini ambako angekwenda kukaa bwenini iwapo tumbaku yao ingefanya vizuri, na jinsi ambavyo angechagua kitanda cha juu ili aone mbali. Baba yake alikuwa akifanya kazi pwani na hakuwa amerudi hata wakati wa mwaka mpya. Mama yake alilima peke yake, na shamba lile ndilo walilokuwa nalo, hawakuwa na jingine.

"Hata yetu imeanza kulala," Dehui alisema siku moja, bila wasiwasi. "Mstari wa juu, pale maji yanapoingia. Mama anasema tuiache ipumzike."

Lifen aliukumbuka ule mche uliochukuliwa na maji. Alijua angepaswa kuogopa, au kuona haya. Alijitafuta ndani kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, asione haya wala hofu. Aliona njia tu mbele yake, na viatu vya Dehui vyenye matope.

Ikaja siku ya Jumamosi. Mama Dehui alikuwa amekwenda gulioni. Lifen alipofika na bakuli lake, alimkuta Dehui ameinama kwenye mfereji, anachota maji kwa ndoo. Alikuwa amekunja suruali, jasho linamtoka, na anaimba kwa sauti mbaya.

"Mama akirudi atashangaa!" alimwambia Lifen. "Nimeshamwagilia mistari miwili. Naimwagilia yote. Maskini, tazama inavyoona kiu."

Alimimina maji ya mfereji kwenye shina la mche ulioinama, kisha akamimina kwenye mche wa pili uliokuwa mzima kabisa, na wa tatu. Kwenye maji ya ndoo lilikuwa likielea jani la manjano.

"Acha," Lifen alisema.

"Nini?"

"Acha, Dehui! Haina kiu. Inakufa!"

Neno lile lilimtoka kwa sauti ambayo hakuitambua. Tangu wakati wa baridi hakuwa amelitamka. Dehui alisimama na ndoo yake, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema, hata kwa mikono.

"Inakufa," Lifen alirudia. "Ilianza kwetu. Maji haya ndiyo yanayoleta ugonjwa. Kila ndoo unayomwaga unaupandikiza."

Dehui aliidondosha ndoo akakimbia kuteremka kilima kumwita mama yake.

Mama Dehui alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Alisikika kabla hajaonekana. Alifika na kapu lake la gulioni mgongoni, akalitupa chini, akachomoa kisu na kung'oa mche ulioinama. Alikata shina kutoka chini kwenda juu, akalifungua kama mtu anayefungua ganda la haragwe.

"Sogea hapa, Dehui. Na wewe, Lifen, sogea. Mnaona?"

Ndani ya shina, moyo wake mweupe ulikuwa umekauka na kuwa wa kahawia, tena umegawanyika vipande vipande, kimoja juu ya kingine, na nafasi katikati, kama visahani vilivyopangwa kabatini.

"Visahani hivi ndivyo cheti chake," Mama Dehui alisema. "Kuna mnyauko mwingine, ule huanza upande mmoja wa mche, upande wa pili ukiwa mzima, na ukitia kipande cha shina kwenye glasi ya maji safi, hutoa uzi wa maziwa. Huu hauna maziwa. Huu ni mguu mweusi." Alimgeukia Lifen. "Nani amekuambia kwamba inakufa?"

Hapa Lifen angeweza kusema, "Nimebahatisha." Hakuna mtu ambaye angejua.

"Ilianza kwetu, kwenye kona ya juu," alisema. "Niliona kitambo. Haikuinuka jioni, nami nikasema imelala. Kisha niling'oa mmoja nikamwonyesha baba. Alijua. Aliutupa kwenye mfereji, nami nikaona ukija kwenu. Sikusema."

Mama Dehui alimtazama. Kisha akaweka mikono mdomoni kama honi, akageukia shamba la juu.

"Changshun! We Changshun! Shuka hapa, au nikufuate na hiki kisu!"

Changshun alishuka polepole, jembe begani.

"Hilo jembe liache hukohuko! Unataka kunimalizia? Baba Lifen, mimi na mke wako tulilea hawa watoto pamoja. Nilikuja kwako kuchimba mashimo ya miche na mgongo unaniuma. Na wewe unaninyweshea shamba langu kifo, mdomo umeufunga kama chupa ya siki!"

"Nilidhani itaamka," Changshun alisema.

"Itaamka! Mche umeoza mguu, utaamka usimame na nini?"

"Ningesema, mngeniruka kwenye zamu. Ningechuma na nani? Na mtoto huyu?"

"Ungesema mapema, ungepoteza kona. Sasa umepoteza nusu shamba, na mimi mistari yangu ya juu, tena Mungu akinihurumia!" Mama Dehui alivuta pumzi. Sauti yake ikashuka kidogo. "Jua halitusubiri. Dehui, leta magunia yote ya mbolea yaliyo matupu. Changshun, ziba mdomo wa mfereji, na safari hii nina maana ya mfereji."

Walifanya kazi mchana wote, na kijiji kililala bila wao. Changshun alizuia maji pale yalipoingia kwa kina Dehui, akachimba njia mpya ya kuyapeleka pembeni, bondeni ambako hapalimwi. Mama Dehui na watoto waling'oa kila mche mgonjwa pamoja na udongo wake, wakautia kwenye gunia moja kwa moja ili usidondoshe kitu. Magunia yalipelekwa kwenye majabali, mbali na maji, yasubiri kuchomwa. Mama Dehui hakuwaruhusu kuvuka tuta kabla ya kusugua mabuti na majembe.

"Ugonjwa huu hauna miguu," alisema. "Unaazima yako. Unaogelea kwenye maji, unapanda kwenye jembe, unakaa udongoni miaka ukisubiri mjinga mwingine. Shina la mwaka jana ulilorundika mboleani, nalo linaubeba. Umewahi kuchota udongo ule ukaupeleka mahali?"

Lifen alifikiri. "Baba alitia udongo wa kona kwenye mayungiyungi ya mama."

"Nayo yakafa?"

"Moja limeanguka. Mguu wake ulikuwa hivi hivi. Nililipa maji mengi."

"Masikini mtoto. Uliliongezea. Maua nayo hushikwa, mwanangu. Yakikaa kwenye udongo mbaya na maji yakatuama, ni yaleyale."

Mwishoni walinyunyiza chokaa kwenye mashimo. Lifen alikuwa amechubuka viganja kwa kung'oa, na hakuwa ameona. Alipochota chokaa kwa mkono, iliingia kwenye michubuko ikamchoma. Aliguta kwa maumivu, akaachia, akatikisa mikono. Ilimchoma kwelikweli. Mama Dehui alimwosha kwa maji ya chupa yake ya kunywa, akimsema kwa nini ameshika chokaa bila glavu, hana macho?

"Shangazi walisema mama amelala," Lifen alisema ghafla.

 Mama Dehui alifungua mdomo, kisha akaufunga, akamtazama Changshun. Hakutaka kumsemea neno lake.

Changshun alichuchumaa kwenye tuta.  "Alikufa, Lifen," alisema. "Mama yako alikufa. Nilitakiwa nikuambie mimi, siku ileile. Nilishindwa."

Lifen alijua. Alikuwa akijua siku zote. Lakini hakuwa amelisikia likisemwa na mtu aliyempenda, na sasa liliingia palepale chokaa ilipoingia. Alilia. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, viganja vyake vyenye maji vikiwa vimeinuliwa mbele yake. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Dehui aliangalia pembeni kwa adabu. Baba yake alihamia karibu naye, akakaa kwenye matope, naye akalia, bila sauti, kama wanavyolia wanaume wa kwetu wanapokosa pa kujificha.

"Haya ndiyo maji yanayofaa," Mama Dehui alisema hatimaye, akijifuta uso kwa kiwiko. "Sasa nyanyukeni, mnanikalia kwenye chokaa."

Jioni kabla ya msimu wa kuchuma, wakuu wa nyumba zote walikutana kwenye uwanja wa matanuru kupanga zamu ya mikono. Mwaka huo Changshun aliomba kusema kwanza. Alisimama na bomba lake la mwanzi la kuvutia tumbaku mkononi, halijawashwa.

"Shamba langu lina mguu mweusi," alisema. "Niliuficha, nikamwambukiza Mama Dehui. Mkitaka kuniruka, nirukeni. Lakini msipande juu kwangu bila kuosha mabuti."

Watu waliguna. Mmoja alisema kwa hasira kwamba wenye mambo kama hayo ndio wanaoua kijiji. Changshun hakujitetea. Kisha Mzee Bi, mwenye shamba kando ya daraja, mtu wa kujigamba kuliko wote, akakohoa.

"Hata kwangu kuna kona," alisema. "Inalala mno."

"Na kwangu," akasema mwanamke mmoja nyuma.

"Kwangu nilidhani ni jua."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amekaa na kona yake peke yake, akiimwagilia maji na kuipa majina mazuri. Mama Dehui akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Kijiji kizima tumelala!" alisema. "Sikilizeni. Hatutamruka mtu. Tutaanza na mashamba safi, tumalizie na yenye ugonjwa, na kila anayetoka shambani anakanyaga beseni la maji ya chokaa. Mwakani kona hizo zipandwe mahindi, tumbaku isirudi hapo kwa miaka. Anayeficha tena, huyo ndiye tutakayemruka."

Wakapatana hivyo. Kwa kina Dehui mistari ya juu ilikuwa imepotea, lakini shamba lililobaki lilisimama. Dehui alipouliza kama kitanda cha bwenini kitapatikana, mama yake alimwambia kwamba kitapatikana, japokuwa atalazimika kumuuza nguruwe mapema.

Shamba la kina Lifen likawa la mwisho. Asubuhi hiyo Lifen aliweka beseni la maji ya chokaa mwanzo wa njia, safari hii akiwa na glavu, akasimama kando yake. Baba yake alikuwa amekwisha kuanza kuchuma peke yake. Siku nyingine zote watu walifika jua linapochomoza. Jua lilichomoza, njia ilikuwa tupu. Lifen aliona hofu, akashangaa jinsi hofu ilivyo na uzito.

Kisha ikasikika sauti ndefu ya Mama Dehui chini ya kilima ikimgombeza mtu kwa uvivu. Nyuma yake alikuja Dehui, na nyuma ya Dehui Mzee Bi, na nyuma yao wengine, mmoja mmoja kwenye njia nyembamba, vijiti vya kufungia majani mabegani. Walikuja wote. Kila mmoja alitumbukiza mabuti yake kwenye beseni, kushoto na kulia, kisha akapita.

Mama Dehui alisimama mbele ya Lifen na Dehui, akavaa kofia yake ya majani.

"Nawaambia nyinyi wawili, maana wakubwa wameshazeeka na ujinga wao," alisema. "Kitu kikiinama mchana, kisubiri. Jioni ikifika hakijainuka, fukua utazame mguu wake. Ukikuta umeoza, sema umeoza, tena sema mapema, na mwambie yule ambaye maji yako yanaenda kwake. Usitafute neno tamu. Sijaona neno tamu lililoponya mche, wala mtu. Mmesikia?"

"Tumesikia," walisema.

"Basi ingieni kazini. Majani ya chini kwanza."

Lifen aliingia kwenye mstari kando ya baba yake. Umande ulikuwa baridi, na utomvu wa majani ulimnata vidoleni. Aliinama, akachuma.